Amani ya Kristo na ushirika katika majira ya Noeli na Bonane

Kila mwaka Desemba inapoingia, sisi wachungaji tunaona mambo mawili yakienda pamoja. Wanaobisha mlango wa ofisi ya kanisa kutafuta shauri wanaongezeka, na wanaohudhuria maombi ya vikundi vya nyumbani wanapungua. Tukiangalia vizuri, wengi wa wanaobisha ni wale wale waliopungua kwenye vikundi. Kuna baba anayetafuta mkopo wa kununulia watoto viatu. Kuna mama ambaye mume wake "amesafiri" tangu tarehe 20 bila kusema anakwenda wapi. Kuna kijana aliyefiwa na mama yake mwezi wa nne, ambaye hataki hata kupita karibu na kanisa kwaya inapofanya mazoezi ya nyimbo za Noeli.

Makala hii inaeleza amani ambayo Maandiko yanaizungumzia, namna ushirika wa waamini unavyoibeba, na yale tuliyoyaona katika makanisa yetu ya mashariki ya Kongo, mazuri pamoja na yale ya kutuaibisha.

Sikukuu zetu na uzito wake

Kwetu sikukuu si siku moja. Zinaanza na mkesha wa tarehe 24 Desemba, zinapitia Noeli yenyewe, mkesha wa kufunga mwaka na Bonane, kisha inafika tarehe 4 Januari, siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya uhuru huko Léopoldville mwaka 1959. Baadaye zinakuja tarehe 16 na 17 Januari, ambapo taifa linawakumbuka Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Ni zaidi ya majuma matatu ya kupokea wageni, kupika, kutoa na kupokea, na kwa wengi, ya kukosa.

Tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia. Ushuhuda wa kale unaojulikana wa tarehe hiyo unatoka katika orodha ya Kirumi iliyokusanywa mwaka 354. Ndugu zetu Wakimbangu huadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, na anga halijawahi kuanguka. Tunalisema hili si kwa kutaka kubishana kuhusu kalenda, bali kwa sababu tumekutana na wazazi wanaoamini kwamba kumkosesha mtoto nguo mpya siku hiyo ni kama dhambi mbele za Mungu. Mungu hakuagiza nguo.

Lakini tusiwacheke wazazi hao. Mtoto anayeingia ibada ya Noeli na shati la mwaka jana anaonekana na darasa lote la shule ya Jumapili. Mama anayevaa kikwembe kisichofanana na cha wenzake wa chama cha akina mama anaketi nyuma. Bei ya kuku na mchele inapanda siku zile zile ambazo kila nyumba inataka kuku na mchele. Halafu mashemeji wanatoka kijijini, na haiwezekani kuwapa bugali na sombe tu kana kwamba ni Jumanne ya kawaida. Januari ikifungua macho, walio na watoto sekondari wanakutana na karo ya muhula wa pili. Siku hizi imeongezeka na simu: picha za meza za ndugu walioko Ulaya na Marekani zinafika usiku ule ule wa Noeli, na wao nao huko wanakaa wakihesabu ni nani kati yetu bado hajatumiwa kitu. Shida ina pande mbili, ingawa sisi wa huku hatupendi kulikubali jambo hilo.

Kuna uzito mwingine usiohusu fedha. Katika sehemu kadhaa za nchi yetu Noeli ina kumbukumbu ya damu. Mwaka 2008, katika siku za Noeli, waasi wa LRA waliwashambulia watu waliokuwa wamekusanyika kusherehekea huko Haut-Uele, katika Faradje na vijiji vya karibu na Doruma, wakaua mamia. Tarehe 25 Desemba 2021 bomu lililipuka katika mkahawa mjini Beni, watu wakiwa wameketi kula sikukuu. Na mwaka 2025 vita vilifika Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Benki za Goma zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na familia nyingi zikagawanyika pande mbili za njia ambayo zamani ilikuwa safari ya kawaida tu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "furahi, ni Noeli", umemwongezea mzigo.

Amani ambayo Maandiko yanaizungumzia

Neno la Kiebrania shalom lina maana pana kuliko kutokuwepo kwa vita au kelele. Linazungumzia uzima, ukamilifu, kila kitu kikiwa mahali pake: shamba linazaa, mtoto anakua, jirani hamwogopi jirani. Isaya 9 inapomtaja mtoto atakayezaliwa kama mfalme wa amani, inamtaja kwa watu wanaotembea gizani, ambao wamejua viatu vya askari na nguo zilizolowa damu. Sura hiyo haikuandikiwa watu waliotulia.

Luka naye anaanza habari ya kuzaliwa kwa Yesu na amri ya Kaisari Augusto ya kuhesabu watu. Mtawala huyo alijisifu sana kwa amani. Mwaka 9 kabla ya Kristo Warumi waliweka wakfu madhabahu ya amani ya Augusto mjini Roma. Ni chini ya amani hiyo ya kaisari ambapo mwanamke mjamzito analazimika kusafiri na kujifungulia mahali pa mifugo. Malaika wanatangaza amani nyingine, na hawaitangazi kwa mtu mmoja aliyekaa peke yake akitafakari. Wanaitangaza kwa kundi la wachungaji walio kazini usiku, nao wanashauriana, wanakwenda pamoja. Mathayo anaongeza kwamba muda si muda familia hiyo inakimbilia Misri na watoto wa Bethlehemu wanauawa. Wakimbizi waliolala kambini wanasoma ukurasa huo bila kuhitaji mhubiri wa kuwaeleza.

Andiko linalotajwa zaidi tunapozungumza juu ya wasiwasi ni Wafilipi 4:6-7, ambapo Paulo anawaambia waamini wasijisumbue bali wapeleke haja zao kwa Mungu, na amani ipitayo akili italinda mioyo yao. Tumelihubiri mara nyingi kama dawa ya mtu mmoja mmoja: piga magoti, omba, utatulia. Lakini rudini mistari minne nyuma. Katika mstari wa 2 na wa 3 Paulo anawasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wapatane, na anamwomba mwenzake mmoja awasaidie. Kumbe ahadi ya amani imeandikwa katika kanisa lenye ugomvi, baada tu ya kuomba ugomvi huo umalizwe.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kifaransa. Katika Kifaransa "vous" inaweza kuwa mtu mmoja anayeheshimiwa au watu wengi. Sisi tunasema "wewe" au "ninyi", na hakuna kujificha. Paulo anasema na "ninyi". Kitenzi alichokitumia kwa "kulinda" ni cha askari walinzi wa mji. Anakitumia tena katika 2 Wakorintho 11:32 akieleza jinsi mji wa Dameski ulivyolindwa ili akamatwe. Filipi ulikuwa mji wenye wazee wengi waliowahi kuwa askari wa Roma, kwa hiyo walimwelewa mara moja. Ulinzi wa mji haumlindi mtu mmoja ndani ya nyumba yake huku jirani ameachwa nje ya lango. Hivyo hivyo Yesu, usiku ule aliokamatwa, aliwaachia wanafunzi amani yake (Yohana 14:27) wakiwa wameketi pamoja mezani, na saa chache baadaye kila mmoja alikimbia kivyake.

Ushirika si kukaa pamoja tu

Neno la Kigiriki koinonia, ambalo tunalitafsiri "ushirika", katika Matendo 2:42 liko pamoja na mafundisho ya mitume, kuumega mkate na sala. Lakini katika Warumi 15:26 neno hilo hilo linatumika kwa changizo la fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Kwa hiyo mtu anayesema "tuna ushirika mzuri" na hajui kama jirani yake wa benchi amekula, bado hajafika kwenye maana ya neno.

Korintho walifika mezani wakiwa na shida hiyo. 1 Wakorintho 11 inaonyesha wengine wakishiba na kulewa wakati wengine wana njaa, na Paulo anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Tukitaka kujua jinsi Noeli inavyoweza kuharibu amani ya kanisa, tusome sura hiyo tarehe 26 Desemba.

Agano la Kale lilikuwa limeshaweka njia nyingine. Kumbukumbu la Torati 16 inapoamuru sikukuu za majuma na za vibanda, inawataja kwa kazi zao na hali zao wale wanaopaswa kufurahi: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Katika Nehemia 8 watu wanalia waliposikia sheria ikisomwa, nao wanaambiwa waende wale na kunywa, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Kumpelekea ni tofauti na kumwita aje kusimama mlangoni na sahani. Na katika Luka 14 Bwana Yesu anashauri kuwaalika wale ambao hawawezi kukualika tena. Ni shauri gumu kwa Wakongo, kwa sababu karamu zetu nyingi ni deni linalozunguka: mwaka huu kwangu, mwaka kesho kwako, na asiye na "kwako" hakaribishwi.

Mahali tulipokosea

Miaka michache iliyopita, katika parokia tuliyoitumikia, tulipanga matoleo ya shukrani ya mwisho wa mwaka. Ili kutia moyo watu, tuliamua kusoma majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, kuanzia Jumapili ya pili ya Desemba. Matoleo yalipanda, tukamshukuru Mungu hadharani. Noeli ilipofika tuliona mabenchi ya upande wa akina mama yana mapengo. Kati ya waliokosa alikuwa mjane mmoja ambaye hakuwahi kukosa ibada, hata wakati wa milio ya risasi. Tulipokwenda kumtembelea tarehe 27 alitukaribisha vizuri, akatupa chai, akasema alikuwa na malaria. Binti yake mdogo ndiye aliyesema ukweli: mama hana kitu cha kusomwa.

Tulirudi tukiwa kimya njia nzima. Baraza la wazee lilikutana Januari, na majadiliano yalikuwa marefu, kwa sababu fedha zile zilikuwa zimelipa mabati. Baadhi ya wazee walisema kosa ni la mjane kwa kuwa na aibu. Hatukukubaliana nao, na hadi leo hatukubaliani. Tangu hapo majina hayasomwi. Matoleo yalishuka mwaka uliofuata, tusifiche, na sehemu ya paa ilikaa na maturubai mwaka mwingine mzima.

Yale ambayo tumeona yakisaidia

Jambo la kwanza linafanyika kabla ya Desemba. Wengi wa waamini wetu wako katika AVEC, vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Watu kama 15 hadi 25 wanakutana kila juma, wananunua hisa, fedha zinakaa kwenye kasha la kufuli tatu, na mwisho wa mzunguko wa miezi tisa hadi kumi na miwili wanagawana. Vikundi vingi vinapanga mgawanyo uangukie Desemba. Sisi tunashauri tofauti: gawaneni mapema Januari, au kabla ya masomo kuanza Septemba. Fedha inayofika mkononi tarehe 20 Desemba haivuki Bonane. Tumeona kikundi kimoja kikihamisha tarehe hiyo, wanachama wakilalamika Noeli nzima, na Januari wakilipa karo bila kukopa kwa riba. Kikundi hicho pia kina mfuko mdogo wa mshikamano, na huo ndio unaofunguliwa Desemba, kwa aliyefiwa au anayeuguza.

Jambo la pili ni chungu kimoja. Badala ya kila familia kuhangaika na karamu yake, nyumba tano au sita za avenyu moja zinakubaliana kupika pamoja mchana wa Noeli. Mwenye mchele analeta mchele, mwenye makayabu analeta makayabu, asiye na kitu analeta kuni au anachota maji, na watoto wanakula kwenye mkeka mmoja. Hapo hakuna anayejua nani ameleta nini ila waliopika. Tumeona kwamba jambo hili linafaulu zaidi likianzishwa na akina mama wenyewe. Mchungaji akilitangaza mimbarani linageuka kuwa kamati, kamati inachagua mweka hazina, na tunajua inavyoishia.

Watembelewe pia walio na msiba. Kikundi cha nyumbani kinaweza kukaa mwanzoni mwa Desemba na kuuliza: katika sisi, nani amefiwa mwaka huu? Nani hajui ndugu yake yuko wapi? Halafu watu wawili wawili wanakwenda kwao kabla ya tarehe 24, bila hotuba. Warumi 12:15 inatutaka tulie pamoja na wanaolia, na haisemi tuwanyamazishe. Yule kijana tuliyemtaja mwanzoni alitembelewa na wanakwaya wawili ambao hawakumwomba arudi kuimba. Walikaa naye, wakamuuliza mama yake alipenda kupika nini sikukuu, naye akazungumza mpaka usiku. Hakuja kwenye mkesha. Alikuja Jumapili ya baada ya Bonane, akaketi karibu na mlango.

Kwa walio mbali, simu inaweza kuwa mateso au ushirika, kutegemea inavyotumika. Familia moja iliyogawanyika kati ya Bukavu, Kinshasa na kambi ya Nyarugusu kule Tanzania ilikubaliana kwamba tarehe 25 watapigiana kwa dakika chache kusali Zaburi moja, na siku hiyo hakuna kuomba fedha wala kutuma picha ya chakula. Haja za fedha zina siku yake. Walituambia kwamba ndugu wa Nyarugusu, ambaye alikuwa ameacha kupokea simu Desemba, alianza kupokea.

Kwa akina baba tuna neno moja la wazi. Mwanamume anayeondoka nyumbani tarehe 20 kwa sababu hana kitu anadhani anajiepusha na aibu, lakini anaiacha yote juu ya mke wake. Tumejaribu kuwakusanya akina baba peke yao Jumamosi moja ya Desemba, baada ya kazi ya mikono ya kusafisha kiwanja cha kanisa, na kuzungumza wazi juu ya kile ambacho kila mmoja hataweza kununua mwaka huu. Mara ya kwanza walicheka. Kisha mzee mmoja anayeheshimiwa sana alisema wajukuu wake hawatavaa nguo mpya, na kicheko kikaisha. Baba akishalisema mbele ya wenzake, ni rahisi zaidi kulisema mbele ya mke na watoto, na watoto wakiambiwa mapema kwa upole wanavumilia kuliko tunavyofikiri.

Mahali ushirika usipotosha

Tungekosa uaminifu tukisema kikundi cha maombi kinatibu kila kitu. Mtu asiyelala majuma mengi, anayekataa chakula, au anayesema afadhali afe, anahitaji kupelekwa kituo cha afya, na ndugu wa kikundi wamsindikize na kurudi naye. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba kufa, na kabla ya kusema naye juu ya kazi, Mungu alimpa usingizi na mkate, mara mbili, kisha baadaye akampa Elisha wa kutembea naye. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba imani yake ni ndogo ni ukatili, hata tukiusema kwa sauti ya maombi.

Vilevile, tusilitumie neno "amani" kumrudisha mwanamke katika nyumba anayopigwa ili familia ionekane nzima siku ya Noeli. Desemba pombe inaongezeka na mapigo nayo. Tumewahi kushawishiwa na familia kupatanisha watu haraka "kwa sababu ya sikukuu", na tumejifunza kukataa. Mapatano ya kweli yanakuja baada ya toba na muda, na mwanamke akiwa mahali salama. Yeremia 6:14 inawakemea viongozi wanaotangaza amani wakati amani haipo, wakiponya jeraha la watu juu juu, na mstari wa 13 unawataja makuhani pia, pamoja na manabii.

Baada ya Bonane

Wageni wakirudi kijijini na masufuria yakirudishwa kwa wenyewe, kinabaki kipindi ambacho makanisa mengi yanalala. Kwaya imechoka, mchungaji amechoka, na kiti cha ofisi kinakaa na vumbi hadi katikati ya Januari. Ni katika majuma hayo madeni yanadaiwa. Kwa hiyo tumeamua kwamba vikundi vya nyumbani vikutane juma lile la tarehe 4 Januari bila kukosa, hata kama watakuja watu watatu. Ajenda ni fupi: nani amebaki na deni, nani hajarudisha mtoto shuleni, baba gani bado "amesafiri". Mwaka jana katika kikundi kimoja walikuja wanne. Walichangisha franka za karo ya mtoto mmoja, ikabaki pungufu, na mzee wa kikundi akaenda kumwomba mkuu wa shule ampokee huyo mtoto hadi mwisho wa mwezi.